Sauti Isiyo ya Moyo: Vyombo vya Kusikilizia Mimba na Suala la Majina Yake

Maandishi yanayobandikwa juu ya vyombo vya nyumbani hudharauliwa upesi na mkuza istilahi. Huonekana kuwa ni kazi ndogo: karatasi moja ya maelezo na maneno machache juu ya kasha. Hata hivyo kipo chombo kimoja ambacho karatasi yake yahitaji uangalifu kuliko sura nzima ya kitabu cha sheria. Ni kile kidude cha mkononi kiuzwacho madukani na kwa njia ya intaneti, ambacho mama mjamzito hukipaka jeli, akakipitisha juu ya tumbo, na baada ya kutafutatafuta akasikia mdundo. Kasha humwambia kwamba anausikia moyo wa mwanawe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo si sahihi, kwamba mkanganyo uliomo ndani yake una umri wa karne mbili, na kwamba sisi wenye kuunda maneno ya Kiswahili tunaweza ama kuuendeleza ama kuukata.

Tuanze Paris mwaka 1816. Tabibu René Laennec, akiona haya kuweka sikio kifuani mwa mgonjwa wa kike, alikunja daftari likawa bomba, akasikiliza kwa bomba hilo. Baadaye alichonga silinda ya mti, na mwaka 1819 akatoa kitabu juu yake. Jina alilokipa chombo, ambalo kwa Kiswahili limekuwa stetoskopu, limeungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: kifua, na kutazama. Basi chombo cha kusikiliza kilipewa jina la kutazama! Mwenyewe Laennec aliridhika mara nyingi kukiita silinda tu. Kosa hilo la jina halikumdhuru mtu, kwa kuwa kila aliyekishika chombo alijua kwamba anatumia sikio lake, na kwamba kinachomfikia ni sauti ile ile itokayo mwilini.

Kwa upande wa mimba, wa kwanza kuchapisha habari alikuwa François-Isaac Mayor, daktari mpasuaji wa Geneva, mwaka 1818. Aliweka sikio tupu juu ya tumbo la mama, akatambua mapigo ya mtoto yaliyotofautiana na mapigo ya mama. Habari yake ilikuwa fupi mno, wala haikuvuma. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1821, Jacques-Alexandre Le Jumeau de Kergaradec, aliyekuwa rafiki wa Laennec, alisoma mbele ya Chuo cha Tiba cha Paris maelezo kamili zaidi. Yasemekana alikuwa akitafuta sauti ya maji yanayomzunguka mtoto. Badala yake alisikia mapigo ya haraka, mawilimawili, mithili ya saa ya mfukoni. Papo hapo alitambua faida zake: kuthibitisha mimba, kugundua mapacha, kujua jinsi mtoto alivyolala, na kujua kama yu hai.

Lakini Kergaradec alisikia sauti mbili, si moja. Pamoja na mapigo yale ya haraka palikuwa na mvumo mpole uliokwenda sawasawa na mshipa wa mkono wa mama. Aliuita mvumo wa kondo la nyuma, akiamini kwamba ndiko utokako. Jina hilo lilishika. Wataalamu waliofuata walibaini kwamba mvumo huo ni wa damu ya mama mwenyewe ipitayo katika mishipa ya mji wa mimba, wakaubadili jina uwe mvumo wa mji wa mimba. Mnamo 1833 Evory Kennedy wa Dublin alitoa kitabu kizima juu ya usikilizaji wa mimba, na humo akaeleza pia mvumo wa kiungamwana, ambao huenda pamoja na moyo wa mtoto. Msomaji aone kazi iliyofanywa hapa. Wazee hao hawakuwa na mashine. Walikuwa na kipande cha mti na subira. Mafanikio yao yalikuwa ni kuzitenga sauti zilizofanana na kuipa kila moja jina kwa mwenyewe: hii ya mtoto, hii ya mama. Bila majina hayo, mkunga angesikia mvumo wa mama aliye hai na kutangaza kwamba mtoto yu salama.

Karne ya 19 ilipokaribia kwisha, Adolphe Pinard wa Paris alikipa chombo umbo la pembe fupi lenye mdomo mpana. Ndiyo pembe wanayoitumia wakunga wetu hadi leo, ya mti, ya bati au ya plastiki, iitwayo fetoskopu katika kliniki nyingi. Haina betri wala haidanganyi. Udhaifu wake ni kwamba hainasi moyo wa mtoto kabla ya wiki ya 18 au 20 hivi, na yataka sikio lililozoezwa.

Asili ya kidude cha nyumbani ni tofauti kabisa, nayo haikuanzia hospitalini. Mwaka 1842 huko Praha, Christian Doppler alieleza kwamba wimbi hubadilika kwa mpokeaji kufuatana na mwendo wa kitu kilitoacho. Yeye alikuwa akiwaza rangi za nyota. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot alilijaribu wazo hilo kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta katika garimoshi, huku wanamuziki wengine wakisikiliza kandokando ya reli. Garimoshi lilipokaribia noti ilipanda, lilipopita ikashuka. Aliyesimama stesheni akasikia honi ya treni ipitayo bila kusimama hahitaji ushahidi zaidi. Katika miaka ya 1950 Shigeo Satomura wa Japani aliitumia kanuni hiyo kuchunguza mwendo wa moyo kwa mawimbi ya sauti, na mwaka 1964 Callagan na wenzake wa Marekani walichapisha habari za kuugundua moyo wa mtoto tumboni kwa njia hiyo.

Sasa tutazame chombo kinafanya nini. Kichwa chake hutoa mawimbi yenye mitetemo ipatayo milioni 2 au 3 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu halivuki 20,000. Mawimbi yakigonga kitu kinachokwenda, mwangwi wake hurudi ukiwa na mitetemo iliyozidi au kupungua. Chombo hulinganisha kilichotoka na kilichorudi, na tofauti hiyo ndogo, ambayo kwa bahati njema huangukia ndani ya uwezo wa sikio, hupelekwa kwenye spika. Kwa hiyo mama hasikii moyo. Asikiacho ni sauti iliyotengenezwa na mashine kuwa ishara ya mwendo, na mwendo huo waweza kuwa wa moyo wa mtoto, wa damu ya kiungamwana, au wa mshipa mkubwa wa mama mwenyewe. Sauti mbili alizozitenga Kergaradec zimechanganywa tena, safari hii ndani ya spika moja.

Hatari yake ina pande mbili, na ule wa mimba changa ndio uliosahauliwa zaidi. Kwa chombo cha mkononi mapigo ya mtoto kwa kawaida hayapatikani kabla ya wiki ya 10, na hata katika ya 12 hutegemea mtoto alivyolala, mahali pa kondo, na umbile la mama. Mama aliyekinunua katika wiki ya 8 na asisikie kitu hana alichoambiwa kuhusu mimba yake. Lakini kasha lilimwahidi moyo, basi ukimya anausoma kuwa kifo. Upande wa pili ni mbaya zaidi. Mwaka 2009 madaktari wawili wa Uingereza walieleza katika British Medical Journal habari za mama aliyehisi mtoto amepunguza kucheza. Alitumia chombo chake nyumbani, akasikia mapigo, akatulia. Alipofika hospitali baadaye, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Yamkini alichokuwa amesikia ni mshipa wake mwenyewe au mwendo wa damu katika kondo. Desemba 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya wananchi wasivitumie vyombo hivi pasipo usimamizi wa mtaalamu, ikataja pia kwamba mawimbi hayo huweza kupasha joto kidogo nyama za mwili.

Turudi kwenye maneno. Kiswahili kina utajiri wa kutosha hapa, ila tunautumia ovyo. Neno mapigo twalitumia kwa moyo wa mtoto, kwa moyo wa mama na kwa mshipa wa mkononi bila kumtaja mwenyewe. Kusikia, kusikiliza na kutambua twazibadilishabadilisha kana kwamba ni kitu kimoja. Mapendekezo kama kisikiza-moyo, ambayo ni mafupi na mazuri masikioni, yametimiza masharti yote ya uundaji wa istilahi isipokuwa lile la kwanza, yaani usahihi. Jina hilo lafaa pembe ya Pinard, ambayo kweli hupitisha sauti ya moyo. Likipewa mashine ya Doppler litakuwa ahadi ya uongo. Wapo watakaosema kwamba mama wa kawaida hahitaji elimu ya mitetemo. Ni kweli, lakini anahitaji jina lisilomlaghai.

Upo mfano mmoja unaotuhusu kwa karibu. Kampuni ya Kinorwe, Laerdal Global Health, imetengeneza chombo cha namna hii kwa ajili ya wakunga, nacho kimefanyiwa utafiti katika hospitali za Tanzania, ikiwemo ya Haydom. Jina lake ni neno letu: Moyo. Kwa mujibu wa hoja yangu jina hilo lingestahili kulaumiwa. Lakini chombo hicho kina mahali ambapo mama huweka vidole, mapigo yake mwenyewe yakapimwa na kuonyeshwa kando ya yale ya mtoto, ili mkunga asiyachanganye. Waliokibuni walielewa kwamba neno moyo, katika tumbo la mjamzito, lina wenyewe wawili.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba chombo kiitwe dopla, neno ambalo wakunga wengi wamekwisha kulizoea, na kisisikizo cha moyo katika jina lake. Fafanuzi yake iwe: chombo kinachotambua mwendo ndani ya mwili kwa mawimbi yasiyosikika na kuugeuza kuwa sauti. Mapigo yaandikwe daima na mwenyewe, mapigo ya mtoto au mapigo ya mama. Mvumo wa mji wa mimba urudishwe katika orodha za istilahi za ukunga. Na kwenye kasha, mahali palipoandikwa sasa kwamba utasikia moyo wa mwanao, paandikwe kwa herufi zisizopungua ukubwa huo: Sauti hii yaweza kuwa ya mishipa yako. Mtoto akipunguza kucheza, nenda kliniki siku hiyo hiyo, hata ukisikia mapigo.