Mukebuka, giza na taa: historia ya uvuvi wa kiangazi upande wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika

Wakaaji wa Salamabila wanajua jambo moja linalorudi karibu kila kiangazi. Njia inakauka, pikipiki zinapita bila kuzama kwenye matope, magari yanafika kutoka upande wa Fizi kupitia Lulimba, lakini mukebuka mkavu anakuwa mchache sokoni na bei inapanda. Mvua ikirudi, samaki wanapatikana tena kule ziwani, na njia ndiyo inayoharibika. Maneno yanaanza: mama wauzaji wanaficha mzigo, wenye pikipiki wanajitajirisha. Pengine wako wanaofanya hivyo. Lakini sababu kubwa haiko kwenye meza ya sokoni, iko ndani ya maji, na ina historia ndefu kuliko soko letu.

Tuanze na samaki mwenyewe. Mukebuka, ambaye watu wa Uvira na Bujumbura wanamwita mukeke na ndugu zetu wa Kigoma wanamwita mgebuka, ni wa jamii moja na sangala. Katika Ziwa Tanganyika jamii hiyo ina aina nne, na mukebuka ndiye mdogo wao. Wale wengine watatu ni wakubwa, kuna wanaofika urefu wa mtoto wa shule. Wote wana macho makubwa, na ukiwamulika usiku macho yanang'aa kama ya paka. Ni macho ya mwindaji wa gizani. Mukebuka wa kaskazini ya ziwa anakula hasa ndagala, na maisha yake yote ni kumfuata ndagala popote anapokwenda.

Ndagala naye anafuata vidudu vidogo vya majini. Mchana vidudu vinashuka chini kukimbia mwanga, usiku vinapanda. Ndagala anashuka na kupanda navyo, na mukebuka yuko nyuma yake. Ziwa lina kina cha mita 1,470, lakini hewa ya kupumulia samaki iko katika maji ya juu tu. Upande wa kaskazini hewa hiyo inaisha karibu na mita 100. Chini ya hapo hakuna samaki hata mmoja. Kwa hiyo kila mvuvi wa Baraka, Uvira au Rumonge anatafuta samaki wake katika tabaka jembamba la juu, ndani ya ziwa refu la kilomita zaidi ya 600.

Wazee wa pwani waliyafahamu haya kwa kutazama, bila kitabu. Muda mrefu kabla ya Wazungu kufika, mitumbwi ilitoka usiku wa giza na moto wa matete au kuni ukiwaka mbele. Vidudu vinavutwa na mwanga, ndagala wanakuja kula, na mvuvi anawachota kwa lusenga, ule wavu wa mviringo wenye mpini mrefu. Mukebuka akija nyuma ya ndagala, anangojewa na mshipi wenye ndoana. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, dagaa walikuwa chakula cha kawaida cha pwani, na Burton aliliandika jina lao katika kitabu chake.

Kwa watu wa Kabambare, Ujiji si jina la mbali. Njia ya misafara ilivuka ziwa kutoka Ujiji, ikapanda milima, ikapita Kabambare, ikashuka Kasongo hadi Nyangwe. David Livingstone aliifuata mwaka 1869. Aliondoka Ujiji Julai, akafika Bambarre, yaani Kabambare yetu, Septemba 21. Alitembea kiangazi chote. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na damu nyingi ilimwagika juu yake, lakini ilipitisha pia lugha hii ninayoandikia. Majina mengi ya samaki tunayotumia sokoni yalishika njia hiyohiyo kutoka ziwani.

Moto wa matete ulikuwa na kasoro ambayo leo naiona kama kinga. Uliwaka muda mfupi, ulizimwa na upepo na mvua, na mwanga wake haukuzama mbali. Mtumbwi mmoja uliita samaki wa karibu tu. Tena mwezi ulikuwa na amri yake. Siku za mbalamwezi mwanga wa mbinguni unasambaa kila mahali, ndagala hawana sababu ya kukusanyika kwenye moto wako, na wavuvi wanabaki nyumbani karibu wiki moja kila mwezi, wakishona nyavu. Desturi hiyo ingali iko. Ukitaka kujua kwa nini samaki wamekosekana Salamabila siku fulani, hesabu siku nyuma uone kama mwezi ulikuwa mpevu wakati gari lile lilipokuwa linapakia.

Na juu ya mwezi kuna upepo. Huu ndio ufundi mkubwa wa kiangazi. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unavuma kwa nguvu na kusukuma maji ya moto ya juu kuelekea kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Kule kusini, Zambia, maji baridi ya chini yanapanda kujaza nafasi, nayo yanaleta rutuba. Kaskazini maji ya moto yanarundikana. Upepo unapolegea mwisho wa kiangazi, ziwa lote linayumba kama maji ndani ya beseni lililoinuliwa upande mmoja kisha likaachwa. Kuyumba huko kunachukua wiki kadhaa kwenda na kurudi, na ndiko kunakopandisha rutuba upande wa kaskazini. Mvuvi mzoefu hakuhitaji kuambiwa na mtaalamu. Alijua kwamba miezi ya upepo ni ya taabu na hatari ya mawimbi, na kwamba upepo ukilala ndipo mshipi na lusenga vinakuwa na kazi.

Hivi vitu viwili, mwezi na upepo, ndivyo vilivyokuwa sheria ya uvuvi kwa vizazi vingi. Hakuna mtu aliyevipigia kura.

Mabadiliko makubwa yalikuja miaka ya 1950. Taa za karabai, zile za kupampu zinazotumia petroli ya taa, zilichukua nafasi ya moto wa kuni. Mwanga wake mweupe unazama mbali zaidi majini na upepo hauuzimi kirahisi. Wakati huohuo wavuvi Wagiriki waliokaa Burundi walileta nyavu kubwa za kuzungushia, zinazovutwa kutoka chombo cha chuma, pamoja na mitumbwi ya taa ya kukusanya samaki kwanza. Na kwa wavuvi wadogo kukaja ufundi wa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja kwa miti, wavu ukishushwa katikati yake na kuinuliwa samaki wakishakusanyika chini ya taa. Watu wa ziwa wanauita kipe. Baadaye zikaja kipe kubwa zaidi zenye taa nyingi, wakaziita apollo.

Miaka hiyohiyo, mwaka 1959, Wabelgiji walichukua ndagala wa Tanganyika wakawamwaga Ziwa Kivu, ambako hakukuwa na samaki wa namna hiyo. Hao ndio sambaza wanaokaangwa leo Bukavu na Goma. Mtu wa Goma anayejivunia sambaza wake anakula mjukuu wa samaki wa Uvira, naye akubali.

Vyombo vya chuma vilivuna sana, lakini waliolipa mapema ni wale sangala watatu wakubwa. Samaki mkubwa anachukua miaka kabla ya kuzaa, na wavu wa kuzungusha haumchagui. Kwa muda mfupi wakubwa hao wakawa wachache upande wa kaskazini, na mpaka leo hawajarudi kama zamani. Kilichobaki kilikuwa ndagala, ambaye maisha yake ni karibu mwaka mmoja tu na anazaa haraka, na mukebuka anayemla. Uvuvi mzima wa kaskazini ukaegemea hao wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vyombo vya chuma vya Burundi vilikuwa vimefika mwisho, havilipi tena gharama. Kipe za wavuvi wadogo zilibaki, kwa maelfu.

Kisha ikaja vita. Oktoba 1996 Uvira ilianguka, na watu wengi wa Fizi walivuka ziwa hadi Kigoma, wengine wakaishia kambi ya Nyarugusu. Mvuvi wa usiku ana shida ya pekee wakati wa vita: kazi yake inamlazimu kuwasha taa gizani na kukaa pale pale. Kila mwenye bunduki anamwona. Mpaka leo wanyang'anyi wa ziwani wanachukua moteri na nyavu kwa njia hiyo, wanafuata taa kama ndagala. Lakini vita iliongeza pia wavuvi, kwa sababu mtu aliyepoteza shamba na ng'ombe anaweza bado kuingia mtumbwini na kupata kitu cha kula usiku uleule.

Mabadiliko ya mwisho yalikuja kimya. Katika miaka hii ya karibuni, karabai zimepisha taa ndogo za umeme zinazotumia bateri, zinazochajiwa na jua. Hazihitaji petroli kutoka Bujumbura, hazivunji kioo, na kijana yeyote anaweza kununua chache. Nani atamlaumu? Ila matokeo yake ni kwamba taa zimekuwa nyingi kuliko wakati wowote. Na karibu na ufuko wengine wanavuta kokoro, hata vyandarua vya mbu, wakizoa watoto wa ndagala na wa mukebuka kabla hawajafika maji marefu.

Wakati huohuo ziwa lenyewe limepata joto. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha katika jarida la Nature kwamba maji ya juu yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na yale ya chini, na rutuba ya kulisha viumbe imepungua karibu asilimia 20. Walikadiria kwamba upungufu huo unaweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Upepo unaovuma leo hauna nguvu ya kufanya kazi yake ya zamani.

Ndiyo sababu serikali ziliingia. Juni 12, 2003, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa ziwa huko Dar es Salaam, na kutokana nao ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Ilichukua miaka mingi kabla ya kitu chochote kuonekana majini. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, upande wa Tanzania na upande wetu wa Kongo. Tazameni tarehe hizo: ni miezi ya upepo, ileile ambayo mvuvi wa lusenga alikuwa na kazi ndogo. Sheria imeandika kwenye karatasi kitu ambacho zamani mawimbi yalikilazimisha.

Mimi naunga mkono kufunga, lakini mzigo wake hauko sawa kwa wote. Mwenye kipe tano ana akiba. Kijana anayelipwa kwa sehemu ya mavuno hana kitu kwa miezi mitatu, na ndiye anayerudi majini usiku na chandarua. Huku kwetu, mama anayeuza samaki Salamabila anapoteza miezi ambayo njia ni nzuri kuliko yote. Hakuna mkutano wa ziwa unaomhesabu, kwa sababu yeye haishi ziwani.

Kiangazi chetu kina samaki wake. Maji ya Luama yanapungua, vidimbwi vinabaki kando, na wanawake wanaziba vijito kwa udongo, wanateka maji kwa mabeseni na kuokota kambale na wengine waliobaki chini. Kazi hiyo haina taa wala bateri, na mwenye kuifanya anajua kidimbwi kipi cha kuachwa ili mwakani kuwe na mbegu. Lakini samaki hao wanatosha jikoni, hawatoshi soko la mji uliojaa wachimba dhahabu. Mji huu utaendelea kungojea gari la Lulimba, nalo litaendelea kungojea giza la mwezi na mwisho wa upepo kule Baraka.