Maangamizi Yaliyosimuliwa Kabla ya Kutokea: Kutoka Dorking hadi Shinkolobwe

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza mbinu moja ya usimulizi: ile ya kumwonyesha msomaji mwisho wa ulimwengu wake kabla haujafika, ili yale yanayotendeka leo yapate uzito machoni pake. Hatutaipitia fasihi ya dunia nzima. Tutafuata uzi mmoja tu, unaoanzia Uingereza mwaka 1871 na kuishia, kwa njia ambayo hakuna mtunzi aliyeitazamia, katika udongo wa Katanga.

Mwezi wa Mei 1871, jarida la Blackwood's Magazine lilichapisha hadithi isiyo na jina la mtunzi, The Battle of Dorking. Aliyeiandika alikuwa George Tomkyns Chesney, afisa wa jeshi la wahandisi. Miezi michache kabla ya hapo Wafaransa walikuwa wameshindwa na Wajerumani, na Paris yenyewe ilikuwa imesalimu amri mwezi wa Januari. Chesney aliona kwamba jeshi la nchi yake halikuwa tayari kwa vita vya namna hiyo. Angeweza kuandika ripoti, nayo ingesomwa na wakubwa wachache na kuwekwa kabatini. Badala yake alimkalisha babu mmoja mbele ya wajukuu wake, akawasimulia jinsi nchi ilivyovamiwa na kushindwa miaka hamsini iliyopita, kwa sababu ya uzembe wa watu wa wakati wake.

Kwa mwanaisimu, nguvu ya hadithi hii imo katika njeo. Tukiitia katika Kiswahili, babu yule angetumia -li- kila mahali: meli ziliangamizwa, askari wa kujitolea walirudi nyuma, nchi ilianguka. Lakini kwa msomaji wa 1871 kila -li- ya babu ni -ta- ya kwake mwenyewe, tena -ta- ambayo bado inaweza kuzuiwa. Hapo ndipo penye kishindo. Onyo la kawaida husema "mtaangamia", na msikilizaji ana nafasi ya kubisha. Babu hasemi hivyo. Yeye anakumbuka, na mtu hawezi kubishana na kumbukumbu. Hadithi iliwatia watu hofu kiasi kwamba mwezi wa Septemba waziri mkuu Gladstone, akihutubia mjini Whitby, aliona lazima kuwaonya wananchi dhidi ya vitisho vya aina hiyo.

Wasomaji wetu watatukumbusha, na kwa haki, kwamba ushairi wa Kiswahili ulikuwa umekwisha kucheza na nyakati namna hii. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauzungumzia moyo wake na kuuonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na wageni, sasa magofu. Yaliyowapata matajiri wa Pate ni -li-. Moyo unaoambiwa unasubiri -ta- yake. Hata hivyo tofauti ni kubwa, na tunadhani haijapewa uzito unaostahili. Mwisho anaouona mshairi hauepukiki; kinachowezekana ni kila mtu kutengeneza hali yake kabla haujamfikia. Mwisho anaouonyesha Chesney unaepukika, na wanaoambiwa ni taifa zima: ongezeni askari, tengenezeni silaha. Mmoja anadai toba, mwingine anadai bajeti.

Tuje sasa kwa H. G. Wells. Mwaka 1914, kabla vita vya kwanza vya dunia havijazuka, alitoa riwaya yake The World Set Free. Alikuwa amesoma maandishi ya mkemia Frederick Soddy juu ya radi, na kutoka humo alibuni "mabomu ya atomiki". Bomu la Wells linadondoshwa kwa mkono kutoka ndegeni, na likishafika chini haliishi kwa mshindo mmoja, bali huendelea kuwaka siku nyingi. Katika riwaya hiyo ufunguo wa nguvu za atomu unapatikana mwaka 1933, vita vinakuja katika miaka ya 1950, miji mikuu inateketea, kisha watawala wanakutana Brissago na kuunda serikali moja ya dunia. Ni riwaya yenye mahubiri mengi, na wahusika wake ni wakavu. Hatudhani ingesomwa leo kama si yale yaliyofuata.

Mwaka 1932 mwanafizikia Leo Szilard, mzaliwa wa Budapest, aliisoma. Mwaka uliofuata, akiwa mkimbizi mjini London, aliwaza jinsi nyutroni zinavyoweza kuanzisha mfululizo wa mipasuko unaojiendeleza wenyewe. Ni mwaka uleule wa 1933! Tusiseme kwamba riwaya ndiyo iliyozaa wazo. Fizikia ilikuwa na njia zake. Lakini Szilard mwenyewe alieleza kwamba kwa sababu ya Wells alijua maana ya jambo hilo, ndiyo sababu hataza yake aliikabidhi kwa jeshi la wanamaji la Uingereza ili ibaki siri. Katika barua ya tarehe 2 Agosti 1939, iliyotiwa sahihi na Einstein na ambayo Szilard aliisaidia kuandikwa, rais Roosevelt anaambiwa kwamba chanzo muhimu zaidi cha urani kimo katika Kongo ya Wabelgiji.

Chanzo hicho kilikuwa Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini yake yalikuwa yamegunduliwa mwaka 1915, na Union Minière ilianza kuyachimba mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radi. Mwaka 1940 mkurugenzi wake, Edgar Sengier, alipeleka New York zaidi ya tani 1,200. Mwaka 1942 jeshi la Marekani lilizinunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi ule ilitoka kwetu. Mwezi wa Julai 1945 Szilard alikusanya sahihi za wanasayansi wenzake dhidi ya kulitumia bomu bila kuwaonya Wajapani kwanza. Tarehe 6 Agosti Hiroshima iliteketea.

Basi onyo la Wells lilimfikia msomaji ambaye hasa lilimhusu, naye akalichukua kwa dhati: akatunza siri, akaandika barua, akapinga. Bomu likatengenezwa hata hivyo, na hofu ileile ya maangamizi, safari hii hofu ya kwamba Hitler angetangulia, ndiyo iliyoharakisha kazi. Jambo hili linatufanya tusite mbele ya wahakiki wanaosema kwamba kuonyesha mwisho ni kuuzuia.

Liko jambo jingine. Wells aliona rubani, maabara, wafalme na miji inayowaka. Hakuona shimo ambamo madini yanatoka, wala mikono inayoyachambua. Katika barua ya 1939 pia Kongo ni jina la mahali penye madini, hakuna mtu ndani yake. Mwaka 2004 mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa rasmi. Wachimbaji wake walikuwa na wajukuu, na baadhi ya wajukuu hao wanazungumza Kiswahili kilekile tunachokifundisha. Masimulizi yao, kwa -li- isiyo ya kubuni, hayajapata nafasi katika mitaala yetu ya fasihi.