Ujumbe wa Hitilafu kama Waraka wa Historia: Mafaili ya Maktaba za Sauti katika Michezo ya Kompyuta, kwa Mtazamo wa Masasi na Newala

1. Utangulizi

Mchezo wa kompyuta unapofunguliwa na kioo kikaonyesha ujumbe kwamba faili liitwalo mss32.dll halikupatikana, watumiaji wengi huuliza swali moja tu: faili hilo litapatikana wapi? Insha hii inadai kwamba swali hilo, ingawa ni la lazima, huulizwa mapema mno. Linalopaswa kutangulia ni swali la kihistoria: mchezo huu ulitungwa lini, uliitegemea maktaba gani katika kutoa sauti, na ulipitia njia gani hadi ukafika kwenye kompyuta hii? Hoja inayojengwa hapa ni kwamba ujumbe wa hitilafu ni waraka, na kama waraka wowote, una mwandishi, una tarehe na una mazingira yaliyouzaa. Anayeusoma hivyo hutengeneza mchezo kwa usahihi zaidi, na mtafiti anayeusoma hivyo hupata ushahidi kuhusu jinsi teknolojia inavyosafiri.

Masasi na Newala zimechaguliwa kwa sababu mahususi. Newala iko ukingoni mwa nyanda za juu za Wamakonde, na Masasi iko chini yake, miongoni mwa vilima vya mawe. Ni miji ya mkoa wa Mtwara ambayo uchumi wake umeegemea korosho, na iliyo mbali na Dar es Salaam, mahali ambapo bidhaa nyingi za kidijitali huingilia nchini. Umbali huo ndio unaoifanya historia ya mafaili ionekane wazi, kwa maana kila hatua ya safari huacha alama katika kile kinachofika na kile kinachobaki njiani.

Katika insha hii, "maktaba ya sauti" ina maana ya faili la maelekezo ya kiprogramu ambalo mchezo huliita ili sauti itoke. Sauti zenyewe, yaani muziki, maneno na milio, huhifadhiwa katika mafaili mengine. Kutotofautisha mambo haya mawili ni chanzo kikubwa cha matengenezo yasiyofaulu.

2. Sauti iliyotenganishwa na chanzo chake

Suala la sauti kuhifadhiwa mahali pamoja na chombo cha kuisomea kuwa mahali pengine halikuanza na kompyuta katika eneo hili. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vilikuwa havijamalizika, mwanaethnografia Mjerumani Karl Weule alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na kamera, chombo cha kupigia picha za filamu, na fonografia yenye mitungi ya nta. Masimulizi ya safari hiyo aliyachapisha mwaka 1908. Mtungi wa nta ni hifadhi dhaifu: hulainika kwa joto, huota ukungu, na hulika kidogo kila unapochezwa. Udhaifu mwingine haumo katika nta yenyewe. Mtungi usio na fonografia inayolingana nao ni bubu, hata ukiwa mzima kabisa.

Hatima ya hifadhi ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1900 kwa ajili ya rekodi za namna hii inathibitisha jambo hilo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili mitungi yake ilihamishwa na kutawanyika. Sehemu kubwa ilipelekwa Umoja wa Kisovyeti, ikarudishwa Berlin Mashariki, na hatimaye ikaungana tena na hifadhi mama mwaka 1991. Mwaka 1999 UNESCO iliuingiza mkusanyiko huo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kwa miongo kadhaa, basi, mtafiti aliyekwenda katika hifadhi mama angeambiwa kwamba rekodi hazipo, ilhali zilikuwapo. Zilikuwa mahali ambapo msomaji wake hakuzitafuta. Funzo hili tutalihitaji tukifika kwenye kompyuta: "haikupatikana" na "haipo" ni kauli mbili tofauti.

3. Tabaka za historia ya maktaba za sauti

Katika kompyuta za mfumo wa DOS, mchezo ulizungumza na kadi ya sauti moja kwa moja. Kadi ya AdLib ilitoka mwaka 1987, na Sound Blaster ya kampuni ya Creative, yenye asili ya Singapore, ikafuata mwaka 1989. Mtumiaji alitakiwa kuuambia mchezo kadi iko katika anwani gani, kwa kawaida 220, na inatumia namba gani ya ukatizaji, aghalabu 5 au 7. Akikosea, mchezo ulikuwa bubu au ulikwama. Kwa kuwa kadi zilikuwa za aina nyingi, watungaji wa michezo walianza kununua maktaba zilizokwisha kuandikwa. Mojawapo ilikuwa ile ya John Miles, ambayo baadaye iliuzwa na kampuni ya RAD Game Tools kwa jina la Miles Sound System. Faili lake katika Windows ndilo mss32.dll.

Mwaka 1995 Microsoft ilitoa Windows 95, na mwezi Septemba mwaka huohuo ikatoa DirectX, ambayo sehemu yake ya sauti iliitwa DirectSound. Tangu hapo mfumo endeshi ukawa mpatanishi kati ya mchezo na kadi. Baadaye ilikuja OpenAL, maktaba ambayo faili lake ni OpenAL32.dll. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa umma mwaka 2007, iliondoa njia iliyowezesha DirectSound kuitumia kadi ya sauti moja kwa moja. Michezo iliyotegemea njia hiyo ikapoteza mwangwi na baadhi ya madoido yake, ingawa hakuna faili lililofutwa. Mwaka 2008 Microsoft ilileta XAudio2. Toleo lake la 2.7, lenye faili la XAudio2_7.dll, lilisambazwa katika kifurushi cha DirectX cha Juni 2010, ilhali Windows 8 ya mwaka 2012 ilikuja na toleo la 2.8. Mchezo unaodai toleo la 2.7 hauridhiki na la 2.8, hata kama ni jipya zaidi.

Kwa hiyo, jina la faili katika ujumbe wa hitilafu hutoa tarehe ya kukadiria, kama kigae cha chungu kinavyomsaidia mwanaakiolojia. Mfano bora zaidi ni ujumbe unaolalamika kwamba kitu kiitwacho AIL_set_sample_volume hakikuonekana ndani ya mss32.dll. Herufi AIL ni kifupi cha jina la awali la maktaba ya Miles, tangu enzi za DOS. Jina la bidhaa lilibadilika, mfumo endeshi ukabadilika, lakini jina la kale likabaki ndani ya faili. Tena ujumbe huo haumaanishi kwamba faili halipo. Faili lipo, ila ni la toleo tofauti na lile ambalo mchezo uliandikiwa.

4. Njia ya kufikia nyanda za juu

Nchini Tanzania tabaka hizi hazikupokelewa kwa mpangilio zilivyotokea. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, isipokuwa kwa kibali. Marufuku hiyo ililegezwa hatua kwa hatua hadi miaka ya 1990. Matokeo yake ni kwamba enzi ya anwani 220 na namba za ukatizaji, ambayo kwingineko ilikuwa shule isiyo rasmi ya ufundi wa sauti, iliwapita watumiaji wengi wa nchi hii. Walipoanza kumiliki kompyuta, Windows ilikwisha kuificha kazi hiyo. Walirithi majina ya mafaili bila kurithi simulizi lake.

Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Hata baada ya hapo, kwa mtu aliye Newala au Masasi mchezo wa gigabaiti kadhaa ni mzigo mzito kwa kifurushi cha intaneti, na ni rahisi zaidi kuunakili kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa diski au flashi. Unakili huu ndio ufunguo wa uchunguzi wetu, kwa sababu haubebi mafaili yote kwa usawa. Grand Theft Auto: Vice City, uliotolewa kwa kompyuta mwaka 2003, huweka mss32.dll ndani ya folda yake wenyewe. Anayenakili folda nzima hulichukua faili hilo bila kujua. Lakini OpenAL32.dll na XAudio2_7.dll kwa kawaida huwekwa na kisakinishi ndani ya folda za Windows. Anayenakili folda ya mchezo peke yake huyaacha nyuma.

Hapo ndipo historia ya njia inapogeuka kuwa kanuni ya uchunguzi. Likikosekana OpenAL32.dll au XAudio2_7.dll katika mchezo ulionakiliwa, sababu iliyo karibu zaidi ni kwamba mchezo haukusakinishwa kwenye kompyuta hii. Likikosekana mss32.dll, ilhali lilipaswa kuja na folda, sababu zinazopaswa kuchunguzwa kwanza ni tatu: unakili ulikatika; programu ya kuzuia virusi ililiondoa; au mtumiaji alilihamisha faili la kufungulia mchezo peke yake, akaliweka kwenye uso wa kompyuta, mbali na wenzake.

5. Aina nne za ukimya

Kutokana na maelezo hayo, hitilafu za sauti zinaweza kuainishwa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni kukosekana. Tiba yake ni kurudi kwenye chanzo: kunakili upya kutoka diski ya asili, kulirudisha faili kutoka karantini baada ya kujiridhisha kwamba ni salama, au kusakinisha kifurushi cha DirectX cha Juni 2010 au kisakinishi cha OpenAL, ambavyo hutolewa bure na wenyewe.

Kundi la pili ni kutolingana. Huu ndio ugonjwa unaozalishwa mara nyingi na tiba ya haraka, yaani kupakua faili moja kutoka tovuti isiyojulikana. Faili hupatikana, ujumbe wa kwanza hutoweka, na ujumbe wa pili wa AIL huchukua nafasi yake. Vilevile wapo wanaolitupa faili katika folda ya System32. Katika Windows ya biti 64, folda hiyo, kinyume na jina lake, ni ya mafaili ya biti 64. Yale ya biti 32 hukaa SysWOW64. Mahali palipo salama zaidi kwa mss32.dll ni kando ya faili la kufungulia mchezo, kwa sababu kwa kawaida Windows hutafuta hapo kwanza. Ushauri wa kulisajili faili hilo kwa amri ya regsvr32 nao hauna msingi: maktaba hii haikutengenezwa kusajiliwa, na amri hiyo hurudisha hitilafu nyingine tu.

Kundi la tatu ni kuharibika. Faili lipo na jina ni sahihi, lakini maudhui yake yamekatika au yamebadilishwa na virusi. Njia ya kulitambua ni kulinganisha ukubwa wake na wa nakala inayofanya kazi.

Kundi la nne ni kunyamazishwa. Maktaba ni nzima, mchezo unafunguka, ila muziki hausikiki. Wakati mwingine msambazaji asiye rasmi aliondoa muziki makusudi ili nakala iwe nyepesi. Wakati mwingine mwenye mchezo mwenyewe aliuondoa: mwaka 2014 baadhi ya nyimbo ziliondolewa katika Grand Theft Auto: San Andreas kwa sababu muda wa leseni zake ulikuwa umekwisha. Katika hali hii hakuna cha kutengeneza. Ukimya ni uamuzi wa mtu.

6. Pingamizi na suala la lugha

Mtu anaweza kupinga kwamba uainishaji huu ni wa kinadharia, na kwamba kijana wa Masasi anayetaka kucheza hahitaji historia. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa kupakua faili moja huchukua dakika chache na wakati mwingine hufaulu. Hata hivyo, gharama yake haionekani siku hiyohiyo. Faili la dll ni programu inayotekelezwa. Anayelichukua kwa mtu asiyemjua hukaribisha msimbo asioujua katika kompyuta ambayo huenda pia ina kazi za shule au hesabu za duka.

Lugha nayo huchangia. Ujumbe wa hitilafu huandikwa kwa Kiingereza cha kifundi, na msomaji hushika neno moja tu, kwamba kitu "hakipo", akaziacha taarifa nyingine: jina la faili, jina la kipengele, na programu iliyolalamika. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba menyu na maelekezo ya programu kubwa. Ujumbe wa hitilafu unastahili juhudi kama hiyo. Tafsiri yake itenganishe "halipo", "halikuonekana", "halilingani" na "limeharibika", kwa sababu kila neno kati ya hayo lina tiba yake.

7. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba hitilafu ya sauti katika mchezo wa kompyuta ni tokeo la historia mbili zinazokutana: historia ya maktaba za sauti, na historia ya njia ambayo mchezo ulipita. Imeonyesha pia kwamba kuzijua mbili hizo hubadilisha hatua ya kwanza ya matengenezo.

Umuhimu wa jambo hili unavuka mipaka ya michezo. Kompyuta zilezile zinazotumika kuchezea ndizo zinazohifadhi rekodi za ngoma, mahojiano na masimulizi ya wazee yanayokusanywa na watafiti. Rekodi hizo nazo zinategemea programu za kuzisoma, nazo hunakiliwa kwa flashi. Sauti iliyowekwa katika nta imeweza kutafutwa kwa zaidi ya karne moja kwa sababu kulikuwa na watu walioandika ni mtungi gani, wa nani, na unasomwa kwa chombo gani. Inapendekezwa kwamba kila mkusanyiko wa sauti unaowekwa katika hifadhi za vyuo vyetu uambatane na taarifa hiyohiyo: aina ya faili, programu iliyolirekodi na toleo lake, na ukubwa wake siku ya kuwekwa. Bila hayo, atakayekuja baada yetu ataambiwa tu kwamba faili halikupatikana, wala hatakuwa na njia ya kujua kama kweli halipo.