Majibu ya Nakivale na mifumo inayobadilika

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Watutsi waliokimbia Rwanda. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Kila kaya iliyofika iliandikwa: majina, watoto, mgao wa chakula, ugonjwa. Kazi hiyo ilianza kwa kadi na madaftari, ikaingia kwenye kompyuta, na leo sehemu kubwa inafanywa kwa simu.

Daftari la kale linasomeka mradi mchwa na unyevu havijalifikia. Faili la kompyuta lina sharti zaidi. Programu inayolifungua haijitoshelezi. Ili kufungua faili, kuchora herufi au kuzungumza na seva, huazima kutoka maktaba za mfumo endeshi, yaani vipande vya kazi vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Maktaba hizo zikibadilishwa, programu ya zamani inaweza kukwama hata kama hakuna aliyeigusa.

Wahudumu wa afya walikutana na jambo hili mapema kupitia Epi Info, programu ya bure ya taasisi ya afya ya CDC ya Marekani, iliyotoka mwaka 1985 ikitumia DOS. Windows za biti 64 zilipoenea, Epi Info 6 haikufunguka tena, kwa kuwa sehemu iliyokuwa ikibeba programu za DOS haikuwekwa humo. Matoleo mapya yaliandikwa kwa ajili ya Windows, na data ya zamani ikabidi ihamishwe.

Mjini Mbarara, kliniki ya ISS ya hospitali ya rufaa, inayohudumia watu wanaoishi na VVU, imetumia OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kazi Eldoret, Kenya, mwaka 2006. OpenMRS imeandikwa kwa Java. Septemba 2018 ilitoka Java 11, ikiwa imeondolewa vipande ambavyo programu nyingi zilivitegemea, kikiwemo JAXB cha kusomea mafaili ya XML. OpenMRS iliendelea kwa miaka kuegemea Java 8. Wapo wanaouita huo uzembe. Lakini kwa mgonjwa anayemeza dawa maisha yake yote, mfumo unaokawia kuhama ni salama kuliko unaokimbilia kila toleo na kuacha kumbukumbu njiani.

Mageuzi yaliyowafikia wadodosaji wa makazini moja kwa moja yalikuja kwa simu. ODK, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, iliwezesha dodoso kujazwa kwenye simu ya Android hata pasipo mtandao. Kutoka humo ikazaliwa KoboCollect, programu ya KoboToolbox, mradi uliotokana na kazi ya watafiti wa Harvard waliokusanya maoni kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Kongo. Mashirika yanayofanya tafiti katika makazi ya Uganda yanazitumia sana.

Kwa takriban miaka kumi, ODK Collect ilihifadhi kila kitu katika folda moja iliyo wazi kwenye simu, iitwayo odk. Ndani yake, folda ya forms ilikuwa na madodoso matupu na instances majibu yaliyojazwa. Mtandao ukikosekana, msimamizi alichomeka waya wa USB kwenye laptopu, akafungua folda, akanakili majibu ya siku. Hata simu iliyopasuka kioo iliweza kuokolewa hivyo.

Android 10, ya mwaka 2019, na Android 11 iliyofuata ziliamua kila programu ikae na mafaili yake pekee. Sababu ilikuwa nzuri: zamani hata programu ya tochi ikipewa ruhusa iliweza kusoma folda za wengine, na majibu ya mkimbizi kuhusu ukabila au ugonjwa si ya kusomwa na tochi. Mwaka 2020 ODK ilitoa toleo lililomwomba mtumiaji ahamishe majibu yake kwenda mahali papya. Aliyefundishwa kunakili kwa waya akalazimika kujifunza upya, maana folda aliyoijua haikuwa tena mahali pake.

Vyeti vya usalama vya tovuti navyo vilileta hofu. Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure kwa mamilioni ya tovuti, ilitangaza Novemba 2020 kwamba karibu theluthi moja ya simu za Android zilikuwa za kabla ya toleo 7.1 na hazikutambua cheti chake kipya. Cheti cha zamani kilichozibeba kilikuwa kinaisha 30 Septemba 2021. Ufumbuzi ulitokana na tabia ya Android yenyewe: haikagui tarehe ya mwisho ya vyeti vya mizizi ilivyokwisha kuviamini. IdenTrust, kampuni yenye cheti hicho cha zamani, ikakubali kukisainia cheti kipya, na simu hizo zikaongezewa miaka mitatu.

Muda huo uliisha mwaka 2024. Oktoba 2023 WhatsApp nayo ilikuwa imeacha Android zilizo chini ya toleo la 5, pigo kwa anayetumia simu ya mitumba kuwasiliana na nduguze Bukavu au Nairobi. Kwa tovuti, walioanzia toleo hilo walibaki na Firefox, kivinjari kinachobeba vyeti vyake chenyewe badala ya kuviazima kwenye mfumo.