Sindano begani: Jua pafu lako linapoanzia kabla hujachomwa

Kuanzia Kilwa Masoko hadi Lindi mjini, mabega kukaza ni malalamiko ya kila siku: mvuvi aliyevuta nyavu usiku kucha, mkulima aliyetoka kuvuna ufuta, mama anayebeba ndoo za maji. Wengine huchuliwa, wengine hupigwa chuku, na wapo wanaochomwa sindano za Kichina, yaani akupancha.

Chuku huishia kwenye ngozi na nyama. Sindano ni habari nyingine, kwa sababu chini ya bega kuna pafu.

Pafu linaanzia wapi?

Wengi tunadhani mapafu yote yamekaa chini ya mtulinga, ule mfupa unaoshikika kati ya koo na bega. Sio kweli. Ncha ya pafu hupanda sentimita 2.5 hadi 4 juu ya mtulinga, upande wa shingoni. Ni kwa sababu ubavu wa kwanza umeinama: kwa nyuma uko juu, kwa mbele uko chini, na pafu linachungulia hapo.

Weka kidole kwenye kishimo kilicho juu ya mtulinga, karibu na shingo. Chini yake kuna mshipa mkubwa wa damu uendao mkononi, neva za mkono na ncha ya pafu. Hapo hakuna mfupa wa kulikinga.

Utando wenye kuta mbili

Pafu limefunikwa na utando wenye kuta mbili, na katikati yake kuna majimaji kidogo tu ya kulainisha. Nafasi hiyo haina hewa, ndio maana pafu hubaki limetanuka. Sindano ikitoboa, hewa huvujia humo na pafu husinyaa.

Kwa mtu mwembamba, baadhi ya sehemu za kifua na mgongo wa juu, pafu liko sentimita 1 hadi 2 tu kutoka kwenye ngozi. Ajali hii ni nadra, lakini inaweza kuua.

Uliza kabla ya kulala kitandani

- Umesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala? Sheria ipo tangu 2002.
- Sindano itaelekea wapi? Juu ya bega isishuke wima kuelekea kifuani. Njia salama zaidi ni kuubana msuli kwa vidole, kuuinua, na kuchoma kwa mlalo bila kwenda ndani sana.
- Sindano ni mpya?

Na wewe useme mapema kama umewahi kuugua mapafu.

Dalili za hatari

Maumivu ya ghafla kifuani yanayozidi ukivuta pumzi, kikohozi kikavu, kuhema. Zinaweza kuanza saa kadhaa baadaye, ukiwa umesharudi nyumbani.

Usirudi kuchuliwa. Wahi hospitali: Kinyonga kwa walio Kilwa Kivinje, Sokoine kwa walio Lindi mjini. Mwambie daktari ulichomwa wapi na lini, ili upigwe eksirei. Ukiwa Songosongo, tafuta boti mapema, usingoje uzidiwe usiku.

Kwa wazamiaji wa pweza: usiingie majini mpaka daktari akuruhusu. Hewa iliyonasa kifuani hutanuka unapopanda kutoka kilindini.