UZI: Karatasi iko wapi? Historia fupi ya habari za kura Kenya 🧵

1/ Uchaguzi ukikaribia, kila mtu huuliza swali lile lile: nimwamini nani? Redio? Gurupu la familia? Yule jamaa wa steji anayejua kila kitu? Wadau, historia yetu inatusukuma kuuliza swali lingine: karatasi iko wapi? Tulia, twende pole pole.

2/ Mwaka 1964 serikali ilichukua shirika la utangazaji, likawa Sauti ya Kenya. Kwa miaka 25 na zaidi, hewani palikuwa na mwenyewe mmoja. Televisheni ya kwanza isiyo ya serikali ilianza 1990, redio ya FM ya binafsi 1996. Muulize mzazi wako taarifa ya habari ilikuwa ikianza na nani. Atacheka, kisha atakuambia.

3/ Sasa fika 1988. Chama kilikuwa kimoja kisheria. Katika mchujo, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea wao au wakala wake. Ndio huo mlolongo. Aliyepita asilimia 70 alihesabika amechaguliwa, hata kura ya siri hakuhitaji.

4/ Watu waliona foleni fupi ikitangazwa mshindi. Walifanya nini? Hakuna. Ushahidi wenyewe ulikuwa ni watu, na watu walirudi nyumbani. Foleni haihesabiwi mara ya pili. Hiyo ndiyo sababu neno "mlolongo" bado linawachoma wazee wetu.

5/ Vyama vingi vilirudi Desemba 1991, na kura ya siri ikaja 1992. Lakini masanduku yalibebwa kutoka vituoni hadi mahali pa kuhesabia, na njiani kila mtu alikuwa na hadithi yake. Kuanzia 2002 kura zikahesabiwa pale pale kituoni, mawakala wakitazama. Mabadiliko madogo kwa macho, makubwa sana kwa kazi.

6/ Halafu 2007. Kura zilipigwa Desemba 27. Fomu za vituoni zilikuwepo, lakini mimi na wewe hatukuwa na njia ya kuzilinganisha na hesabu zilizotangazwa Nairobi. Tarehe 30, matokeo yalipotoka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja.

7/ Je, uvumi ulinyamaza? Wapi! Palipokosekana habari, SMS za chuki ziliingia. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume huru iliyochunguza baadaye ilisema kasoro zilikuwa nyingi mno hata haiwezekani kujua nani alishinda. Soma hiyo tena. Tulizika watu kwa sababu ya jibu ambalo hakuna aliyekuwa nalo.

8/ 2017: kabla ya kura zilisambazwa video zilizotengenezwa zifanane na taarifa za BBC na CNN, zikiwa na takwimu za kura ya maoni ambazo mashirika hayo hayakutoa. Nembo ilikuwa sawa, rangi sawa, habari ya uongo. Wengi walituma mbele bila kufungua hata tovuti ya shirika lenyewe.

9/ Septemba 1 mwaka huo huo, Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa urais. Hoja kubwa ilikuwa njia ya kufikia matokeo: yalitangazwa kabla ya fomu zote za 34A, zile za kila kituo, kuonekana. Kwa lugha ya mtaani: hesabu imetoka, risiti ziko wapi?

10/ 2022 Tume iliweka fomu hizo kwenye tovuti yake, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Mwenye simu na bando aliweza kujumlisha mwenyewe. Ndiyo, vyombo vya habari vilionyesha hesabu tofauti kwa sababu kila kimoja kilianza na fomu zake, na presha ilipanda. Lakini kesi ilipofika kortini, fomu za tovuti zililinganishwa na za karatasi. Kulikuwa na kitu cha kushika mkononi.

11/ Utasema: hayo ni ya baada ya kura, mimi nataka kujua nimchague nani. Swali ni lile lile.
– Mbunge anasema alipinga ushuru? Hansadi ipo.
– Gavana anasema alijenga? Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na Msimamizi wa Bajeti zipo, kaunti kwa kaunti.
– Umenyimwa habari na ofisi ya umma? Kifungu cha 35 cha Katiba na sheria ya 2016 vinakupa haki ya kuidai.

12/ Na kura ya maoni? Sheria ya 2012 inamtaka anayeichapisha aseme nani alilipa, watu wangapi waliulizwa na lini. Siku 5 za mwisho haziruhusiwi kabisa. Ukiletewa skrinshoti bila hayo, hiyo ni picha tu.

13/ Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Ripoti ni ndefu, nyingi ni za Kiingereza, na karatasi pia inaweza kuandikwa uongo. Tofauti ni kwamba uongo ulioandikwa una mahali pa kuukamatia. Uvumi hauna saini, hauna tarehe, na asubuhi hauna mwenyewe.

14/ Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Chagua madai matatu tu ya mgombea unayempenda, uyatafutie karatasi. Nasema unayempenda, kwa sababu wa upande ule mwingine tayari unamchunguza bila kuambiwa.

Ukikwama, uliza hapa chini, tutafute pamoja. Kama uzi umekufaa, mtumie mtu wa gurupu la familia. Mnamjua.