Mmweko au Mlipuko? Jina na Asili ya Kitu

Istilahi njema hutaja lile linalojulikana, wala haiutangulii ushahidi. Kanuni hii twaipima hapa kwa historia mbili, moja ya ardhini na nyingine ya angani.

Mwaka 1940, huko Mwadui, Shinyanga, mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua mwamba wa kimbalaiti wenye almasi. Mtu angeweza kuuita mwamba huo mama wa almasi. Kumbe almasi huumbika chini sana, kwa kawaida kina cha zaidi ya kilometa 150, na kimbalaiti huzipandisha tu. Mwamba ni mchukuzi, si mzazi.

Sasa tutazame angani. Mwaka 2007 Duncan Lorimer na wenzake walitangaza wimbi la redio lililonaswa mwaka 2001 na darubini ya Parkes, Australia, likadumu milisekunde chache tu. Mfasiri wa haraka angeliita “mlipuko wa kasi”. Lakini mawimbi yote ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru. Sifa ya hili ni ufupi, si kasi. Na neno “mlipuko” humfanya msomaji adhani kuwa kitu kimepasuka kikaangamia. Mwaka 2016 ilitangazwa kuwa chanzo kimoja, kilichonaswa kwanza mwaka 2012 kwa darubini ya Arecibo, Puerto Rico, kinarudia. Kilichoangamia hakirudii.

Mwaka 2017 chanzo hicho kilionekana kuwa katika galaksi ndogo iliyo mbali miaka-nuru bilioni 3 hivi, na mwaka 2018 ikabainika kuwa kimezungukwa na usumaku mkali mno. Tarehe 28 Aprili 2020 wimbi la namna hiyo lilitoka kwa nyota-sumaku ya galaksi yetu, na wengi wakadhani asili imepatikana. Lakini mwaka 2022 chanzo kingine kilithibitishwa kuwa katika kundi la nyota kongwe karibu na galaksi M81, mahali ambapo nyota-sumaku changa hazikutarajiwa.

Kwa hiyo twapendekeza “mmweko mfupi wa redio”, kutokana na kitenzi “mweka”, ambacho hueleza mng'ao wa ghafla bila kudai umetokana na nini. “Chanzo” na “mazingira” vibaki istilahi mbili mbalimbali, kama almasi na mwamba wake. Istilahi potofu ikishaingia katika vitabu vya shule, hatutamfundisha mwanafunzi neno tu, bali na kosa lililomo ndani yake.